Sauti Niliyoikata

Mjomba Jillo,

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lako, lile la jalada la bluu ulimokuwa ukiandika amri za mashine. Karatasi nyingine zipo, dukani kwa Bwana Athman madaftari yamejaa, lakini mkono wangu umekataa kuandika jina lako kwenye karatasi ambayo hukuwahi kuishika. Haya, cheka. Najua ungecheka. Mimi mpwa wako Rehema, niliyekuwa nikikimbia na nyoka mfu kwenye fimbo, siku hizi naogopa kila kitu. Naogopa mto. Naogopa chumba chako cha nyuma ya kinu. Injini ya kinu ikinguruma naogopa, ikinyamaza naogopa zaidi.

Wacha nikupe habari za nyumbani kwanza, labda mkono utatulia.

Maji yameshuka. Barabara ya Garsen bado ni mashimo matupu, lakini magari yanapita, na watu wamerudi mashambani kupanda mpunga pale pale maji yalipolala. Shule imeletewa mwalimu mwingine wa fizikia. Wanafunzi wanasema anajua sana ila hajui kuchekesha, na mimi nikimwona amebeba chaki ninageuza njia. Baiskeli yako imetundikwa ukutani na hakuna anayethubutu kuipanda. Wale akina mama wa Kiorma wanaoleta maziwa bado wanapita asubuhi na vibuyu vyao, na kuna mmoja kila siku ananiuliza, "Yule wa redio?" Nilimwambia mara mbili kwamba umekufa. Ya tatu nikasema umesafiri, kwa kuwa nilichoka kuuona uso wake ukibadilika.

Bibi ametupiga marufuku kwenda mtoni, sisi sote. Tunachota maji bombani, na bomba likikauka siku mbili tunakaa na uchafu wetu. Mama yangu alijaribu kumwambia, "Mama, wewe mwenyewe umezaliwa kwenye ukingo wa mto." Bibi akajibu, "Na mto huo huo umenichukulia mwanangu."

Tangu tukuzike Bibi hajalia, Mjomba. Hilo ndilo linalotutisha. Anakaa mlangoni na macho yake yasiyoona, anasikiliza njia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Nitalieleza kuanzia mwanzo, ingawa mwanzo unaujua, kwa maana naogopa nitausahau.

Uliileta ile kompyuta kutoka Mombasa juu ya basi, umeifunga kwenye godoro kama mgonjwa. Rafiki yako alikupa na sidii moja yenye Linux, ile programu ya kuendeshea kompyuta, akakuambia ni ya bure, kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuitazama ndani. Siku tatu kadi ya sauti ilikataa kusema. Siku ya nne ikatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa mguu, ukaruka ukagonga kichwa kwenye boriti, ukatoka nje unavuja damu na kucheka. Bwana Athman akadhani umeme umekupiga.

Hatukuwa na umeme mwingine ila wa jenereta iliyofungwa kwenye injini yake ya kusagia mahindi. Kinu kikisaga, tunafanya kazi. Kikizimwa, na sisi tumezimika. Lakini penye kinu huwezi kurekodi hata kikohozi. Kwa hiyo wewe ulikuwa ukienda na redio kaseti yako ya betri huko kwenye watu: Bangale kwa wachungaji wanaoimbia ng'ombe visimani, Bura kwenye mifereji, Chara kwenye mpunga. Ukirudi tunachomeka waya kutoka kwenye redio hadi kwenye mashine, tunaingiza wimbo ndani, kinu kinanguruma ukutani na sisi tumegawana hedifoni moja, sikio lako na sikio langu.

Na pale ukutani ndipo palipokuwa na ile desturi yenu wewe na Bwana Athman. Hakuna aliyeiandika. Kabla hajazima injini anagonga ukuta wa mabati mara tatu, ngo, ngo, ngo, na kungoja wewe umwambie mashine ilale vizuri. Ulinifundisha kwamba Linux haitaki kukatiwa umeme ghafla. Ulisema ina mambo inayoyashika mkononi bado haijayaweka kabatini, na ukiizima kwa ghafla inayaangusha yote. Kwa miezi yote ile Bwana Athman hakusahau hata siku moja, hata ile siku aliyofiwa na mkewe. Aliacha msiba, akaja kugonga, akarudi msibani.

Kazi yangu mimi ilikuwa kukata. Uliniita Kisu. "Kisu wangu yuko wapi?" Kila wimbo uliorudi nao ulianza na sauti yako, unataja mahali, unataja mwimbaji, unajitaja mwenyewe. Ulikuwa unasema hayo ni ya kutusaidia tusichanganye, si ya msikilizaji. Diski ilikuwa ndogo, mashine ilikuwa inalalamika kila mara kwamba imejaa, na mimi nilitaka nionekane hodari. Nilikuwa natafuta pale unaponyamaza na mwimbaji anavuta pumzi, ninaandika amri, sauti yako inaondoka. Wimbo unaanza msafi kama sahani iliyooshwa. Kaseti zenyewe zilikuwa haba, kwa hiyo kila moja iliyokwisha kuingizwa ndani tuliirekodi tena juu yake. Uliwahi kunisifu. Ulisema nina mkono mwepesi.

Mjomba, sikujua ninachokifanya.

Baada ya arobaini Bibi aliniita mlangoni. Akanishika kifundo cha mkono, unajua anavyoshika, na kusema, "Wewe na yeye mlikuwa mkinasa sauti kule kinuni. Yake ipo. Nisikilizishe mwanangu." Nikamwambia, "Bibi, mashine imeharibika." Mashine ilikuwa nzima kabisa. Nilisema uongo kwa sababu hapo hapo, nikiwa nimesimama pale, nilizipitia nyimbo zote kichwani, arobaini na moja, moja moja, na katika zote hakukuwa na neno lako hata moja. Nilikuwa nimezisafisha zote.

Sikulala wala sikula vizuri siku zile. Nikimwona Bibi mlangoni napita nyuma ya nyumba. Halafu nikikoka moto, vivi hivi, nikakumbuka wimbo wa arobaini na mbili.

Ule wa Chara, wa Mama Zaituni, wa kufukuza ndege kwenye mpunga. Ulirudi nao Ijumaa, tukauingiza ndani, na tulipofika ubeti wa mwisho tukasikia sauti inavutika na kuzama kwa sababu betri zilikuwa zimekwisha. Ulikunja uso. "Usiukate kwanza," uliniambia. "Nitarudi niuchukue mwisho wake." Jumamosi asubuhi uliondoka na redio na kaseti ile ile, ili umsikilizishe Mama Zaituni pale alipokatikia. Kiboko aliinua mtumbwi kabla hamjafika ng'ambo. Mwenye mtumbwi aliogelea. Wewe, wanasema, uliinua redio juu ya kichwa kwa mikono miwili, isilowe. Mikono miwili, Mjomba! Kwa redio!

Samahani. Nimekaa kidogo, nimerudi.

Basi sauti yako ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile diski, kwenye wimbo ambao sikuukata kwa kuwa uliniambia nisiukate. Nilikwenda kinuni siku ya pili yake. Nilizunguka kwa nyuma ili watu wasinione naingia chumba cha marehemu, wakaanza maneno. Kinu kilikuwa kinasaga; nilifungua kufuli polepole, nikawasha mashine. Kila kitu chako kilikuwa pale pale: miwani, kikombe chenye ukoko wa chai, shati kwenye msumari. Niliuona wimbo kwenye orodha. Sikuthubutu kuufungua. Nilisema nitaunakili kwanza nipate na wa akiba, nikaandika amri ya kunakili, nikabonyeza.

Injini ikanyamaza.

Hakuna aliyegonga. Kioo kikawa cheusi na mimi nimekishika kwa viganja viwili, kama mtu anayemzuia mwenzake asiondoke.

Nilitoka mbio nikamkuta Bwana Athman anapangusa mikono. Aliponiona natoka mle chumbani, kibaba cha unga kilimwanguka. Maskini, alidhani hamna mtu. Tena akaniambia kwa ile lafudhi yake ya watu wa Kipini, taratibu, kwamba tangu ufe ameacha kugonga. "Nikigonga kisha kusiwe na mtu wa kunijibu, moyo wanipasuka, mwanangu." Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyeingia kama mwizi.

Kesho yake aliwasha injini na mimi nikawasha mashine. Haikufika mahali pake pa kawaida. Ilisimama njiani ikaanza kutoa mistari, mistari, kwamba diski ina majeraha, nikague mwenyewe kwa mkono. Nikafungua daftari lako. Ukurasa ule ulikuwepo, umeupigia mstari mwekundu: "Ikizimika vibaya." Chini yake ulikuwa umeandika amri ya kukagua. Nikaiandika. Mashine ikaniuliza swali la kwanza: sehemu fulani ya diski imevurugika, niifute? Nijibu y kwa ndiyo, n kwa hapana. Nikarudi daftarini nione unasemaje. Ulikuwa umeandika hivi, kwa mwandiko wako wa haraka: "Ikikuuliza, usijibu haraka. Niite."

Nikuite wapi?

Niliutazama mstari ule mpaka herufi zikaanza kucheza. Hakuna mtu Garsen nzima anayejua kitu hiki. Nikisema ndiyo, huenda ninachofuta ni wewe. Nikisema hapana, mashine haifunguki milele, na wewe umefungiwa ndani. Niliwahi kukufuta mara arobaini na moja bila kujua, na sasa ninaulizwa nijibu nikijua. Jasho lilinitoka mpaka kidole kikateleza kwenye kibodi. Basi nikakuita. Usicheke. Nilikuita kweli, kwa sauti, nikipaza juu ya ngurumo ya kinu: "Mjomba! Mjomba Jillo!"

Na ukuta ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

Wallahi, Mjomba, niliangukia kiti. Nilijua ni wewe, nilijua kabisa, na badala ya kufurahi niliona nywele zinasimama nikataka kupita dirishani. Kumbe upande wa pili Bwana Athman alikuwa amesikia mtu anakuita, naye akadhani ni wewe unayeitwa kutoka ng'ambo ya kaburi. Hakujua afanye nini, akafanya alichozoea. Akaja mlangoni, uso mweupe kwa unga. Tukatazamana. Mimi nikaanza kucheka, kisha kikawa kilio, naye akakaa kizingitini, akasema, "Jibu, mwanangu. Jibu lolote. Mimi niko hapa, injini siizimi mpaka uniambie."

Nikajibu y. Ikauliza tena. Y. Ikauliza tena. Sikumbuki ni mara ngapi. Kila nikibonyeza nilikuwa nasema "nisamehe" chini kwa chini. Kisha mashine ikanyamaza, ikafunguka.

Wimbo haukuwepo kwenye orodha.

Lakini ulinifundisha kwamba Linux ina sanduku moja inalolitengeneza yenyewe, la vitu vilivyopotea vikaokotwa, na kwamba vikiokotwa havina majina tena, vina namba tu. Nikafungua sanduku. Kulikuwa na kimoja. Namba tupu. Kidogo kuliko wimbo mzima. Kingeweza kuwa wewe, au ng'ombe wa Bangale, au takataka za mashine yenyewe. Nikakaa nacho hivyo. Sikuweza kukifungua, Mjomba. Nikiwa sijakifungua bado ulikuwemo.

Bwana Athman hakuniuliza. Aliondoka, injini akaiacha inanguruma bila hata debe la mahindi, akarudi amemshika Bibi mkono. Alimleta mpaka ndani ya chumba chako. Bibi akalipapasa shati lako pale msumarini, akanusa, akauliza, "Ipo?"

Hapo nikamwambia. Nilipiga magoti kwenye sakafu yenye pumba na kumwambia yote: mashine haikuwa imeharibika, nilidanganya, na sauti ya mwanawe nilikuwa nayo mara arobaini na moja nikaikata kwa mkono wangu ili nisifiwe. Ilibidi nipaze sauti kwa sababu ya injini, kwa hiyo hata watu wa dukani lazima walisikia. Bibi akatandaza kiganja.

"Lete hicho cha masikioni."

Nilimvisha hedifoni juu ya leso yake. Nilibonyeza. Mimi sikusikia kitu; kinu kilikuwa kinanguruma na hedifoni ni moja. Nilimtazama yeye tu. Mwanzoni hakuna. Uso haukutikisika, nikasema basi, ni takataka, nimemuua mara ya pili. Halafu midomo yake ikafunguka.

"Naam, mwanangu," akasema. "Nipo."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama umemwita kutoka uani. Ndipo machozi yakaanza kumtoka, Mjomba, yale tuliyoyangoja siku zote hizo, yakashuka mpaka kwenye leso, naye hayafuti. Mara akavua hedifoni akanipa, "Mbona Mama Zaituni haimbi?"

Nikasikiliza na mimi. Ulikuwa hivi: "Haya. Hapa ni Chara, shambani kwa Mama Zaituni, ni asubuhi, na ndege leo wamekuja na jamaa zao wote. Anayerekodi ni Jillo wa Hawa. Kisu wangu yuko Garsen, anajua pa kukata. Mama Zaituni, karibu." Halafu yule mama anakohoa, anavuta pumzi. Halafu hakuna. Diski ilichukua wimbo mzima, ikaniachia kile ambacho ningekitupa.

Jillo wa Hawa. Kumbe ulikuwa ukimtaja kila mara. Nilikuwa nimezoea kutafuta mahali pa kukata, sikuwa nasikia maneno. Mara arobaini na moja uliliita jina la mama yako na mimi nikalifuta kabla hajalisikia.

Bibi anakuja kila siku sasa, akiongozwa na Bwana Athman. Anasikiliza, anaitika, anarudi nyumbani. Nimekunakili mara nne, na mwanzoni nikadhani hofu itaisha. Haijaisha. Diski imeanza kukwaruza. Na kila siku, baada ya kuitika, Bibi anangoja kidogo kwenye ile pumzi ya Mama Zaituni, kisha anashusha mabega. Siku moja aliniambia ule wa kufukuza ndege ni wimbo ambao mama yake alikuwa akiwaimbia wakiwa wadogo, wakilinda mpunga. Yeye mwenyewe maneno yamemtoka. Mama Zaituni ni mzee na anaumwa kifua.

Nilijua kinachofuata, na nilijifanya sijui kwa siku kumi. Jana Bwana Athman aliniletea redio kaseti yake mwenyewe, ile anayosikilizia kasida, na betri mpya nne. Aliweka mezani akaenda zake. Nilidhani Bibi atazuia, nikaomba Mungu azuie. Aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Mwambie mwenye mtumbwi apite juu, asikate pale penye kina. Ukianguka, tupa redio." Akanishika kifundo cha mkono. "Na ukifika, useme wewe ni wa nani."

Alhamisi navuka, Mjomba. Nimeota maji mara mbili, na leo asubuhi nilikwenda mpaka kwenye ukingo kujizoesha, nikaona povu tu nikarudi mbio na viatu mkononi. Siwezi kukudanganya kwamba nimekuwa jasiri. Lakini nitavuka. Nitakaa katikati ya mtumbwi, nitafumba macho nikishindwa, na nikifika shambani nitabonyeza kile kitufe chekundu na kusema: hapa ni Chara, anayerekodi ni Rehema, wa Jillo, wa Hawa. Nitamwacha Mama Zaituni aimbe mpaka mwisho. Nikirudi nitauingiza ndani mzima na hayo maneno yatabaki pale mbele. Nakuahidi, sitakata tena mtu.

Kwaheri, Mjomba wangu. Nikichelewa kurudi, utakuwa umenisikia huko uliko, na utanicheka kwa namna nilivyopiga kelele.

Bwana Athman anagonga. Mara tatu. Wacha niilaze mashine vizuri.

Kisu wako,
Rehema